Katibu wa Ratiba na Mtaalamu wa Ubena

Jumapili, 8 Septemba

Nimepewa cheo! Mimi, Hieronimo, ni Katibu wa Ratiba wa Kongamano la Waandika Programu wa Pwani, litakalofanyika Jumamosi hii hapa hapa Bagamoyo. Sikuwa na mpinzani. Mwenyekiti wetu, dada Evelyn, aliuliza nani yuko tayari kupanga nani azungumze saa ngapi, na ghafla wajumbe wote wakawa na jambo la haraka kwenye simu zao. Nikanyoosha mkono. Wajinga hawa! Hawajui wamenipa nini.

Maana kuna chumba. Mgeni rasmi ni Mhandisi Abdulwahab, yule aliyemaliza kujenga ghorofa kwenye barabara ya Msata. Ametangaza kwamba chumba kimoja cha juu, chenye umeme, intaneti na mlango wa kufunga kwa ufunguo, atampa mwandika programu mmoja akitumie mwaka mzima bure. Atampa yule ambaye kazi yake itamgusa. Na kwa kuwa ana shughuli nyingi, atasikiliza mada moja tu, atakula, ataondoka. Basi atakayekuwa jukwaani wakati huo ndiye mwenye chumba. Na nani anapanga atakayekuwa jukwaani? Hapo sasa!

Chumba nakihitaji kufa na kupona. Nalala sebuleni kwa dada yangu Tekla, na Tekla amenunua friza ya kuuzia barafu na juisi ya ukwaju. Inaletwa Jumatatu ya wiki ijayo. Itakaa pale pale lilipo godoro langu. Leo amepima nafasi kwa futi kamba mimi nikiwa bado nimelala. Aliniambia nikunje miguu.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya kazi. Kwanza niandike hapa, ili vizazi vijavyo vijue: programu yangu inaitwa Gonga Nazi. Unagonga nazi karibu na simu, simu inasikiliza, inakuambia kama ni changa, imekomaa au imeoza. Inapatia karibu kila mara, ila pakiwa na jenereta, kuku au upepo. Tekla anasema akina mama sokoni wanagonga kwa kidole na kusikiliza kwa sikio, tena sikio haliishiwi chaji. Nikamweleza kwamba sikio halitunzi kumbukumbu. Akauliza nani anataka kumbukumbu za nazi. Ndiye ndugu niliyepewa.

Adui ni Feisal. Mwaka jana tulikaa meza moja, akaniona nagonga nazi. Wiki chache baadaye akaibuka na Gonga Tikiti. Tikiti maji! Nilimwambia kugonga ni kwangu. Akajibu, kwa upole ule wake wa kukera, kwamba watu wamegonga matunda tangu enzi na enzi, na kwamba tungeweza kushirikiana. Kushirikiana! Kila akija nyumbani anamwamkia Tekla shikamoo na kumwachia tikiti. Tekla anamwita mwanangu, wakati hamzidi hata miaka mitano.

Ratiba ya kwanza imekamilika. Kadi inasema mgeni rasmi atafika saa nne asubuhi. Basi saa nne, Ukumbi Mkubwa: Hieronimo, Gonga Nazi. Feisal nimemweka saa sita, kwenye banda la makuti, karibu na jenereta. Agonge tikiti hapo tuone nani atasikia. Nimetuma kwenye grupu. Feisal kajibu wa kwanza: "Asante sana kaka, Mungu akubariki." Ananichokoza.

Jumanne, 10 Septemba

Balaa. Tekla kaiona ratiba, kacheka mpaka kakaa chini. Aliuliza ni mgeni rasmi gani nimewahi kumwona anafika saa iliyoandikwa. Akaanza kunihesabia: mahafali ya shule ya msingi, uzinduzi wa kisima, harusi ya binamu yetu ambako padri alitusimulia maisha ya watakatifu wawili tukimsubiri mgeni. Kila mmoja alichelewa saa mbili, mwenye cheo kikubwa zaidi ndiyo kabisa. Saa nne pale ukumbini nitakuwa mimi na wapanga viti!

Nilikaa nikaandika programu ya kukokotoa uchelewaji. Unaingiza cheo, umbali, kama ana gari lake na kama ameshaambiwa kutakuwa na pilau. Ikafikiria sana. Jibu: saa sita mchana. Saa ya Feisal! Tena nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu!

Nimebadilisha. Mimi saa sita, Feisal saa nne akawahutubie wapanga viti. Sababu niliyotoa kwenye grupu: sababu za kiufundi. Hakuna aliyeuliza. Hakuna anayethubutu kuuliza sababu za kiufundi, hata mafundi.

Jumatano, 11 Septemba

Kikao cha kamati. Dada Evelyn akatutuliza, akasema tusiwe na wasiwasi juu ya kuchelewa kwa mgeni. Kadi ya Mhandisi peke yake ameiandika saa mbili asubuhi, ili akichelewa kama ilivyo ada afike saa nne. Wajumbe wakampigia makofi. Mimi nikapaliwa na maandazi.

Mama yangu! Saa nne tena! Nikasimama palepale kuomba mabadiliko madogo ya kiufundi. Evelyn aliuliza kwa nini Feisal anasukumwa huku na huku kama toroli. Feisal mwenyewe akasema yeye hana neno, apangwe popote. Kila mtu akamtazama kwa upendo. Ningemtupia andazi, ila lilikuwa la mwisho.

Jambo jema moja. Nilipendekeza kengele: kila mzungumzaji muda wake ukiisha, kengele inalia, anashuka, awe nani, hata kama hajamaliza sentensi. Hii ni kwa ajili ya Bwanausi wa Mkange, ambaye mwaka jana alizungumzia hifadhidata mpaka wenye ukumbi wakaanza kukunja viti. Sitaki anilie muda. Pendekezo likapita bila kupingwa, nikaambiwa nimeonyesha ukomavu. Kengele amekabidhiwa Bi Samia, mpishi mkuu, kwa sababu ndiye pekee tunayemwogopa sote.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekutana sokoni na Muhidini, dereva wa Mhandisi. Nikamnunulia kahawa na kashata, nikamchimba taratibu. Lahaula! Kumbe Mhandisi anajua mchezo wote. Amealikwa kwenye shughuli nyingi mno, anajua kadi ya mgeni rasmi huandikwa saa ya uongo. Akiona saa mbili anajua wanamaanisha saa nne. Kisha anaongeza saa mbili zake za heshima. Saa sita!

Kwa hiyo Tekla amesema sita, programu imesema sita, dereva amesema sita. Lakini je, kama Evelyn naye anajua kwamba Mhandisi anajua? Nilikaa kwenye gogo nje ya soko, kichwa kinaniuma. Nikiweka saa nne, anaweza kuja saa sita. Nikiweka saa sita, anaweza kuja saa nne. Ndipo wazo likaja, zuri mpaka nikasimama. Niwepo saa zote mbili!

Ila mtu mmoja hawezi kupewa vipindi viwili, kanuni niliiandika mwenyewe ili kumbana Feisal. Basi saa nne: Hieronimo, Gonga Nazi. Saa tano: Bwanausi, mpaka kengele. Saa sita: "Nazi: Jana, Leo na Kesho", mtoa mada Daktari Emmanueli kutoka Ubena. Daktari Emmanueli hayupo. Nimemtunga. Saa ikifika nitatangaza kwamba amepata dharura na ameniomba nimwakilishe. Safi!

Evelyn akapiga simu kuuliza huyu daktari ni nani, mbona hajawahi kumsikia. Nikamwambia ni mtaalamu mkubwa, mtu mzima, upara, anachechemea mguu wa kushoto tangu ajali ya pikipiki, amesoma nje, hapendi kupigiwa simu. Nilikwenda mbali kidogo, nakiri. Lakini nilimwona kabisa akija, na fimbo yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Watu wa Fukayosi wamepiga kuuliza kama kongamano bado lipo, maana wamepokea ratiba nyingi na hazifanani. Nimewajibu kwamba hiyo ndiyo teknolojia.

Feisal kaja nyumbani na tikiti. Akamwamkia Tekla, akakaa, akasema kwa ule upole kwamba jina lake limetoweka kabisa kwenye ratiba ya mwisho. Kweli, nilimsahau! Nikajifanya kuwaza. Nikamwambia nafasi imebaki moja tu: saa saba, banda la makuti, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula. Hakuna binadamu aliyewahi kusikilizwa na foleni ya pilau. Akanishukuru. Akaniuliza kama nahitaji msaada wa kubeba nazi zangu kesho.

Nikakubali, ni nzito. Tekla alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akaenda kusafisha kona ya friza.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike kwa utulivu.

Saa nne mgeni hakuja. Nikatoa mada mbele ya wapanga viti na binti mmoja aliyekosea ukumbi. Nikagonga nazi. Simu ikasema imeoza. Nikagonga nyingine. Imeoza. Mpanga viti mmoja akaja, akagonga kwa kidole, akasema mbona nzima hizi. Sikujali. Nilikuwa natunza nguvu kwa ajili ya saa sita.

Saa tano Bwanausi akapanda. Hifadhidata zikaanza. Kengele ikalia, Bi Samia amesimama mlangoni na mwiko mkononi, Bwanausi akashuka katikati ya neno. Kengele yangu! Inafanya kazi!

Saa sita nikapanda jukwaani. Na mlango ukafunguliwa, akaingia Mhandisi Abdulwahab, kanzu nyeupe, kofia ya kiua. Saa sita kamili! Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Machozi yalinilengalenga. Nikainua nazi.

Evelyn akachukua kipaza sauti. Bila shaka mgeni rasmi akiingia hakuna kinachoendelea mpaka atambulishwe, na yeye atambulishiwe waliopo. Hilo sikuliweka kwenye programu. Tukasimama. Tukakaa. Wakasimama wajumbe wa kamati mmoja mmoja. Wakasimama watu wa Fukayosi, watu wa Mkange, watu wa Dar. Akasimama aliyetoa maji ya chupa. Akasimama fundi wa jenereta. Kila mmoja akasema jina lake, anakotoka, na jinsi anavyojisikia. Bwanausi alipopewa zamu yake akarudi kwenye hifadhidata. Mimi muda wote niko jukwaani nimeshika nazi juu.

Wakamaliza. Mhandisi akaitazama ratiba, uso ukamng'aa. Akasema mama yake mzazi alikuwa mtu wa Ubena, na yeye mwenyewe ana shamba la minazi, kwa hiyo mada hii ndiyo iliyomtoa nyumbani. Daktari Emmanueli yuko wapi?

Nikasema amepata dharura, ameniomba nimwakilishe.

"Nitamsubiri," akasema Mhandisi.

Nikasema dharura yenyewe ni kubwa. Nikasema na mimi pia nina nazi, hii hapa. Akanitazama kwa huruma. "Wewe ni wa ratiba, mwanangu. Kila mtu na kazi yake."

Tukamsubiri Daktari Emmanueli. Ukumbi mzima tunatazama mlango. Hata mimi nilitazama, sijui kwa nini. Na nisingeweza kusema Emmanueli ndiye mimi, maana Evelyn alikuwa amekaa pale pale, naye anajua habari za upara na mguu. Kisha kengele ikalia. Nilijaribu kuomba dakika chache. Bi Samia akaniambia awe nani, hata kama hajamaliza sentensi. Maneno yangu mwenyewe! Pilau haisubiri mtu. Nikashuka.

Kwenye foleni Feisal alikuwa anazungumza. Fundi wa jenereta alikuwa ameizima kwenda kula. Anagonga tikiti, simu inasema limeiva, analipasua, limeiva kweli, watu wanapewa kipande wakingojea pilau. Foleni ilikuwa inashangilia. Watu waliokwisha kupata chakula walirudi nyuma kupanga tena. Mhandisi alikula vipande vitatu.

Nikajua kwisha habari yangu. Lakini! Baada ya chakula Mhandisi akasimama kutoa hotuba. Akasema kijana wa tikiti amemwelewa, na tikiti amelila. Ila maisha yake yote ya ugeni rasmi watu wamekuwa wakimkimbilia, wakimshika mkono, wakimwonyesha vitu vyao. Leo kwa mara ya kwanza amekutana na mtu aliyeitwa mbele ya mgeni rasmi na hakuja. Huyo ana kazi, akasema. Huyo hababaiki. Chumba anampa Daktari Emmanueli wa Ubena.

Makofi. Feisal alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeshinda! Kwa namna fulani. Aliyeshinda ni mtu wangu. Kichwa changu ndicho kilichomzaa.

Tatizo dogo: daktari anatakiwa kwenda mwenyewe kuchukua ufunguo, na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Nimetafakari kunyoa upara. Nimejaribu kuchechemea toka sebuleni mpaka jikoni. Tekla akauliza nimeumia nini. Nilichechemea mguu usio wenyewe.

Baada ya misa nikampigia Mhandisi kwa sauti nzito, nikajitambulisha kuwa Daktari Emmanueli. Nikasema namtuma kijana wangu mwaminifu, Hieronimo, akachukue ufunguo kwa niaba yangu. Mhandisi akafurahi sana kunisikia. Akasema hapana, ufunguo ataniletea mwenyewe mpaka Ubena kesho kutwa, apate na kuiona nyumba ya wazee wake. Niwaambie wasichinje kitu kikubwa.

Yesu na Maria.

Jumatatu, 16 Septemba

Friza imekuja. Godoro langu limesimamishwa ukutani, na mimi karibu nisimamishwe nalo. Tekla hana huruma. Amesema mtaalamu wangu wa Ubena ana chumba cha ghorofani, nikalale kwake.

Hapo ndipo nilipopata suluhisho. Nilishangaa sikuliona mapema. Daktari Emmanueli amefariki! Ghafla, moyo. Asipokuwepo, Mhandisi hana haja ya kwenda Ubena. Na asipokuwepo, vitu vyake vinakwenda kwa ndugu. Na ndugu yake wa pekee, niliyemwandika kwenye grupu kwa maneno ya kugusa sana, ni mimi. Mjomba wangu wa upande wa mama, aliyenifundisha nazi tangu utoto. Nilipokuwa naandika nililia kidogo. Alikuwa mtu mwema.

Mhandisi amejibu kwa huzuni kubwa. Chumba kitabaki kwa familia, amesema, ufunguo atamkabidhi mfiwa. Mfiwa! Mimi! Nimekwisha kuchagua pa kuweka meza.

Jumanne, 17 Septemba

Sikufikiria kwamba watu watakuja.

Asubuhi nimeamshwa na akina mama wa mtaa mzima, kanga mbili mbili, majamvi mabegani. Mimi ndiye mfiwa, kwa hiyo msiba uko hapa. Ukumbi wa msiba ni sebule ya Tekla. Walimkuta anapanga pakiti za ukwaju. Wakamkumbatia kabla hajauliza kitu. Wakatoa makochi nje, wakatoa na friza, wakatandika majamvi chini. Tekla akanitazama juu ya bega la jirani na kuanza kulia kwa hasira, nao wakasema masikini, kumbe alimpenda sana mjomba wake. Akivuta tu pumzi aseme jambo, wanamkumbatia tena.

Bi Samia ameleta sufuria zake. Feisal ameteuliwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, hajalala, amepata basi la kwenda Ubena na turubai. Ameniambia kaka, usijali kitu, sisi tupo. Nikamshukuru. Kwa kweli ni kijana anayejitahidi, ingawa simwamini. Nimemwona anampa Mhandisi maji ya kunawa mara mbili. Anakitaka chumba changu!

Maana Mhandisi mwenyewe amefika, amekaa kwenye jamvi, ameahidi kuzungumza makaburini kesho na kunikabidhi ufunguo huko huko mbele ya umma. Tekla alifanikiwa kunivuta nyuma ya nyumba. Akasema kwa meno yaliyofungwa niende sasa hivi nikaseme ukweli, kabla basi halijaondoka. "Nitasema, dada," nikamwambia. Na nilikuwa nakwenda kweli, miguu ilikuwa inatembea.

Njiani Evelyn akanisimamisha. Anasema mambo makaburini yasiende ovyo ovyo, watu wengi wanataka kumzungumzia marehemu, akiwemo Bwanausi. Wanahitaji mtu mzoefu wa kupanga nani aseme saa ngapi, na wameona, pamoja na majonzi niliyonayo, hakuna mwingine kama mimi.

Katibu wa Ratiba ya Mazishi!

Nimekaa nayo mchana kutwa. Mimi nimejiweka mwisho kabisa, Mhandisi akiwa amekwisha kufika na kutulia. Feisal nimempa nafasi ya kusimamia maegesho ya magari, mbali, ng'ambo ya barabara. Imekaa vizuri sana, haina kasoro hata moja. Kilichobaki ni kupata maiti.